Saratani ya tezi dume iliyosambaa: Mizani ya sharia katika kuchagua tiba

SIFA zote njema anastahiki Mwenyezi Mungu (S.W.), Muumba wa maradhi na Mleta shifaa. Rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), ahali zake, masahaba zake na kila aliyefuata uongofu wao hadi Siku ya Malipo. Ama baada ya hayo.

Ndugu Waislamu, miongoni mwa maswali yanayoletwa misikitini na familia zetu, limo moja linalokuja kwa sauti ya chini, tena baada ya watu kuondoka. Kwa sura moja au nyingine huwa hivi: Baba yetu amepimwa, ameambiwa ana saratani ya tezi dume na imekwisha fika kwenye mifupa. Madaktari wanasema aondolewe korodani, au achomwe sindano kila baada ya miezi mitatu kwa maisha yake yote. Mwenyewe anasema hakatwi, heri afe na uanaume wake. Mtoto mmoja anataka shamba liuzwe apelekwe India. Mwingine anasema aachwe, asomewe kisomo tu, kwani ajali haina dawa. Je, sharia inasemaje?

Swali hili lina mambo matano ndani yake: hukumu ya kujitibu, uhalali wa upasuaji huo, haki ya mgonjwa, mali ya familia, na mpaka baina ya kutawakali na kukata tamaa. Tutayaeleza moja baada ya jingine, Inshaallah. Wala asione haya msomaji kwa kutajwa viungo vya siri katika ukurasa wa dini. Bibi Aisha (R.A.) aliwasifu wanawake wa Kiansari kwa kuwa haya haikuwazuia kuifahamu dini yao. Haya inayomzuia mtu kuuliza jambo la uhai wake si haya aliyotufundisha Mtume (S.A.W.).

UGONJWA WENYEWE

Tezi dume ni kiungo kidogo kilicho chini ya kibofu cha mkojo, nacho kimeuzunguka mrija wa mkojo. Kila mwanamume anacho. Umri ukienda, kwa wazee wengi tezi hiyo hutanuka bila ya kuwa na saratani, na mkojo hutoka kwa shida. Lakini wakati mwingine chembe zake hugeuka na kukua bila mpaka. Hiyo ndiyo saratani. Kwa makadirio ya mwaka 2022, watu wapatao milioni 1.5 duniani waligunduliwa kuwa na ugonjwa huu katika mwaka huo mmoja, na karibu laki nne walifariki kwa ajili yake. Katika nchi nyingi za Afrika kusini mwa Sahara ndiyo saratani inayoongoza kwa wanaume.

Saratani hii mwanzoni huwa kimya. Ikigunduliwa ikiwa bado ndani ya tezi, inaweza kuondolewa kabisa kwa upasuaji au kwa mionzi. Msiba wetu ni kuwa wengi hufika hospitali ikiwa imekwisha toka na kukaa katika mifupa ya mgongo, nyonga na mbavu. Mzee huhangaika na maumivu ya kiuno akidhani ni baridi yabisi au uchovu wa shamba, kumbe ni hiyo.

Ikifika mifupani, kwa elimu ya tiba iliyopo leo, haitarajiwi kuondoka yote. Lakini hapa ndipo familia nyingi zinapokosea. Husikia neno "haiponi", wakafahamu "haitibiki". Hayo ni mambo mawili mbalimbali. Kisukari nacho kwa kawaida hakiponi, lakini hutibiwa, na mtu akaishi nacho miaka. Saratani hii nayo hutibiwa, maumivu yakashuka, mzee akainuka kitandani akarudi msikitini, na huenda akapata miaka kadhaa ya afya njema. Umri umo mikononi mwa Mwenyezi Mungu peke Yake.

HUKUMU YA KUJITIBU

Katika hadithi ya Usama bin Sharik (R.A.), waliyoipokea Abu Daud na Tirmidhi, mabedui walimuuliza Mtume (S.A.W.) iwapo wajitibu. Akawaamrisha wajitibu, akawafahamisha kuwa Mwenyezi Mungu hakuleta maradhi ila ameyawekea dawa, isipokuwa uzee. Kwa hivyo kutumia dawa hakupingani na tawakkul, kama vile kula hakupingani na kuamini kuwa Mwenye kuruzuku ni Allah.

Hata hivyo mafaqihi hawakusema kuwa kila tiba ni faradhi kwa kila mtu. Mahanafi na Mamaliki wengi wameiona kuwa ni mubaha. Mashafii, ambao ndio wengi katika mwambao wetu, wameiona kuwa ni sunna, na Imam Nawawi ameeleza kuwa mwenye kuiacha kwa tawakkul ya kweli naye ana fadhila yake. Imam Ahmad imepokewa kwake kuwa kuiacha ni bora kwa mwenye yakini. Miongoni mwa dalili za upande huu ni hadithi ya Ibn Abbas (R.A.) juu ya mwanamke aliyekuwa na kifafa. Mtume (S.A.W.) alimpa hiari: asubiri apate Pepo, au amuombee apone. Akachagua subira, akaomba tu asifunuke mwili wakati wa kuanguka.

Wanazuoni wa zama zetu wameyakusanya maneno hayo vizuri. Mwezi wa Mei mwaka 1992, Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu lilikutana Jeddah katika kikao chake cha saba na kutoa azimio namba 67 juu ya tiba. Kwa ufupi, azimio hilo limeigawa hukumu mafungu manne. Tiba huwa wajibu ikiwa kuiacha kutasababisha mtu kuangamia, kupoteza kiungo au kulemaa, au ikiwa maradhi yake yatawaambukiza wengine. Huwa sunna ikiwa kuiacha kutaudhoofisha mwili tu. Huwa mubaha pasipokuwa na hayo. Na huwa makruhu inapohofiwa kuwa madhara ya tiba yatakuwa makubwa kuliko maradhi yanayotibiwa.

Msomaji ashike mizani hii. Hukumu haiwekwi juu ya jina la ugonjwa. Huwekwa juu ya tiba maalumu, kwa mgonjwa maalumu, katika wakati wake. Mgonjwa mmoja wa saratani ya tezi dume anaweza leo kuwa na tiba iliyo wajibu kwake, na baada ya miaka mitatu tiba nyingine ikawa makruhu kwake.

TIBA YA MSINGI: KUZIMA HOMONI

Mwaka 1941 madaktari wawili wa Chicago, Charles Huggins na Clarence Hodges, walionyesha kuwa saratani hii hulishwa na homoni ya kiume, ambayo sehemu yake kubwa hutengenezwa katika korodani. Homoni hiyo ikikatwa, saratani hunywea. Huggins alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1966 kwa kazi hiyo. Hadi leo huo ndio msingi wa matibabu ya saratani ya tezi dume iliyosambaa, popote duniani.

Njia kuu za kuikata ni mbili. Ya kwanza ni upasuaji mdogo wa kuondoa korodani zote mbili. Hufanywa mara moja, hauhitaji kulala hospitali siku nyingi, homoni hushuka kwa haraka, na gharama yake humalizika siku hiyo. Upo pia upasuaji ambao daktari hutoa nyama ya ndani tu na kuacha ganda lake, umbo la nje lisibadilike sana. Njia ya pili ni sindano zinazochomwa kila mwezi au kila miezi mitatu, ambazo hufanya kazi hiyo hiyo bila ya kukata. Sindano zina heshima ya kuwa zinaweza kuachwa, lakini gharama yake haina mwisho, na dozi ikikosekana saratani hupata chakula tena. Aidha nyingi katika sindano hizi huipandisha homoni kwa siku chache kabla ya kuishusha. Ndiyo maana daktari huanza kwa kumpa mgonjwa vidonge vya kuizuia. Asiviache.

Katika kuishika saratani, njia hizi mbili hulingana. Katika madhara yake pia hukaribiana: joto la ghafla mwilini, uchovu, kuongezeka uzito, mifupa kulainika, sukari kupanda, huzuni, na hamu ya tendo la ndoa kupungua sana au kwisha. Mzee anayekataa upasuaji akichagua sindano kwa kudhani kuwa sindano zitamwachia nguvu zake, hajaambiwa ukweli. Na aambiwe kabla hajachagua.

JE, KUONDOA KORODANI SI HARAMU?

Wapo wanaoukataa upasuaji huu kwa hoja ya dini. Wanasema Mtume (S.A.W.) amekataza kuhasi, na kubadili umbile la Mwenyezi Mungu ni kazi ya shetani kama ilivyotajwa katika Suratun-Nisaa, aya ya 119.

Ni kweli katazo lipo. Saad bin Abi Waqqas (R.A.) ameeleza, katika hadithi iliyopokewa na Bukhari na Muslim, kuwa Mtume (S.A.W.) alimkatalia Uthman bin Madh'un kujitenga na wanawake, na lau angemruhusu basi wenzake wangejihasi. Lakini tuangalie sababu ya katazo. Hao walitaka kuwa na afya kamili na kuikata neema ya Mwenyezi Mungu kwa ajili ya kuzidisha ibada. Mgonjwa wetu hakimbii ndoa. Anaondoa kiungo kinachoilisha saratani inayomla mifupa. Kanuni ya fiqhi inasema dharura huhalalisha yaliyokatazwa kwa kadiri yake, na nyingine inasema dhara jepesi hubebwa ili kuondoa dhara zito.

Tena hili halikuanza leo. Urwa bin Zubeir, mwana wa Bibi Asmaa na mmoja wa mafaqihi saba wa Madina, alipatwa na ugonjwa uliokuwa ukiuoza mguu wake alipokuwa safarini kwa Khalifa Walid. Matabibu wakaona ukatwe ili usiuharibu mwili mzima. Akakubali, ukakatwa, na katika safari hiyo hiyo akafiwa na mwanawe. Vitabu vya historia vinamsifu kwa kumshukuru Mola wake kwa viungo na watoto aliobakishiwa. Hakuna mwanachuoni aliyemwambia kuwa amebadilisha umbile la Allah.

Basi anayefanyiwa upasuaji huu kwa ushauri wa daktari mwaminifu hana dhambi. Ndoa yake haivunjiki, sala yake ni sahihi, na heshima yake ya ubaba na ukubwa wa nyumba iko pale pale. Uanaume katika Qur'ani umetajwa kwa kutimiza ahadi kwa Mwenyezi Mungu na kwa watu ambao biashara haiwashughulishi na kumkumbuka Yeye. Haukupimwa kwa kiungo. Kilichotolewa mwilini ni vyema kizikwe kwa heshima. Familia imwombe daktari.

Lakini na asiyeweza kulivumilia jambo hilo moyoni mwake asilazimishwe. Akiwa na uwezo wa sindano, au bima yake inazilipia bila kukatika, achague sindano, na sharia haimlaumu. La kulaumiwa ni kukataa yote mawili kwa ajili ya aibu, na huku mgongo unaoza.

TIBA ZA NYONGEZA

Tangu mwaka 2015 elimu imesonga mbele. Utafiti uliochapishwa mwaka huo ulionyesha kuwa wagonjwa ambao saratani yao ilikuwa imesambaa sana, walipoongezewa dozi sita za dawa ya kemikali iitwayo dosetakseli mwanzoni mwa tiba ya homoni, waliishi kwa wastani zaidi ya mwaka mmoja kuliko waliopewa tiba ya homoni peke yake. Kwa wale ambao saratani yao ilikuwa na madoa machache tu mifupani, faida hiyo haikudhihiri. Mwaka 2017 tafiti mbili kubwa zilionyesha kuwa vidonge vya abirateroni, vinavyotumiwa pamoja na prednisoloni, vikiongezwa mapema hupunguza hatari ya kufa kwa zaidi ya theluthi katika muda wa utafiti. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani liliviingiza katika orodha yake ya dawa muhimu. Zipo pia dawa nyingine za jamii hiyo, na ipo tiba ya mionzi ya ndani iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2022, ambayo bei yake ni kubwa na vituo vinavyoitoa ni vichache.

Dosetakseli hupunguza kinga ya mwili, huleta homa, ganzi za vidole na uchovu. Mzee mwenye nguvu, anayetembea na kujihudumia, aghalabu huzivumilia. Mzee aliyelala kitandani kutwa, mwenye figo au moyo dhaifu, huenda dawa ikamuua kabla ya saratani. Abirateroni nayo hupandisha shinikizo la damu na kushusha chumvi ya potasi, hivyo huhitaji vipimo vya mara kwa mara.

Tukirudi katika mizani ya Jeddah: tiba ya homoni kwa mgonjwa ambaye mifupa yake inaharibika iko karibu sana na wajibu, kwani dhara la kuiacha ni kubwa na linajulikana. Dawa za nyongeza, kwa mwenye mwili wa kuzibeba na mali ya kuzigharimia, ni sunna njema. Dawa kali ya kemikali kwa aliyedhoofika, ambaye daktari mwenyewe anasema faida yake ni ndogo na adha yake ni kubwa, inaingia katika fungu la makruhu. Kuikataa hapo si kujiua.

MIGUU IKILEGEA, USINGOJE KESHO

Lipo jambo moja ambalo halina nafasi ya kikao cha ukoo. Saratani iliyo katika uti wa mgongo inaweza kuukandamiza uti wa fahamu. Dalili zake ni maumivu ya mgongo yanayozidi, miguu kuwa mizito au kufa ganzi, na kushindwa kuzuia mkojo au choo. Mgonjwa mwenye dalili hizo apelekwe hospitali kubwa siku hiyo hiyo. Akiwahi kupata dawa za kupunguza uvimbe na mionzi au upasuaji, huenda akaendelea kutembea. Akicheleweshwa, hata siku chache, anaweza asiinuke tena.

Hapa hukumu ni wajibu bila ya shaka, kwa sababu kuacha kunaleta kulemaa. Anayemzuia baba yake kwenda kwa hoja kwamba kisomo hakijamalizika, anabeba dhima mbele ya Mwenyezi Mungu. Mwenye dalili hizo asingoje hata msaada wa nauli. Jirani Muislamu mwenye gari analo jukumu.

NANI MWENYE UAMUZI?

Katika nyumba zetu daktari huzungumza na mtoto mkubwa, na mzee huambiwa ana "uvimbe kidogo". Nia ni huruma. Lakini mtu huyo ana akili timamu, ana madeni asiyoyataja kwa watoto, ana wasia, ana talaka au ahadi anayotaka kuiweka sawa. Kumficha ni kumnyang'anya muda wake. Azimio lile la Jeddah limeshurutisha idhini ya mgonjwa mwenyewe akiwa baleghe na mwenye akili kamili. Walii huingia pale tu mgonjwa anapokosa uwezo huo.

Na sisi tunalo funzo kubwa zaidi. Bibi Aisha (R.A.) amesimulia, kama ilivyo katika Sahihi ya Bukhari, kuwa katika maradhi yake ya mwisho Mtume (S.A.W.) aliwaashiria asinyweshwe dawa. Waliokuwepo wakasema ni kawaida ya mgonjwa kuchukia dawa, wakamnywesha. Alipopata nafuu aliwakemea kwa kutomtii. Ikiwa huyo ndiye Mtume na hao ndio watu wake wampendao, sisi ni nani hata tumlazimishe baba dawa aliyoikataa baada ya kufahamishwa vyema?

Basi aelezwe kwa upole, kwa lugha anayoijua, na ampendaye awe karibu naye. Mkewe naye asiachwe nje ya mlango. Tiba ya homoni itagusa kitanda chao, na ana haki ya kujua kuwa mumewe hakumchukia, bali ni dawa. Ndoa nyingi huingia baridi kwa sababu ya jambo ambalo sentensi mbili za ukweli zingelitatua.

Kisha mgonjwa na watu wake wamuulize daktari maswali haya, wayaandike: Ugonjwa umefika wapi? Tiba hii inatarajiwa kufanya nini: kurefusha umri, kupunguza maumivu, au yote? Itaniletea adha gani na kwa muda gani? Itagharimu kiasi gani hadi mwisho, si kwa mwezi wa kwanza tu? Nikiiacha, nini kitatokea? Hiyo ndiyo istishara. Baada yake aswali rakaa mbili za istikhara kama alivyofundisha Mtume (S.A.W.) katika hadithi ya Jabir (R.A.), kisha afuate lile lililofunguka. Istikhara si kungoja ndoto, wala haifanywi katika kuacha lililo wajibu.

MALI YA FAMILIA

Mali ni amana, na katika tiba hutumika kwa kipimo. Kabla ya kuuza shamba kwa ajili ya safari ya India, familia iulize: tiba itakayotolewa huko ni ipi, na je, haipatikani hapa? Upasuaji wa korodani hufanywa katika hospitali nyingi za mikoa. Sindano na mionzi hupatikana katika vituo vyetu vya saratani, ikiwamo Taasisi ya Saratani Ocean Road jijini Dar es Salaam na Hospitali ya Bugando jijini Mwanza. Wapo waliouza nyumba na wakarudi na sindano ile ile inayopatikana nyumbani.

Nafaka ya mke na watoto wadogo ni wajibu juu ya mzee huyo. Tiba iliyo mubaha haitangulizwi mbele ya wajibu huo, wala haichukuliwi mkopo wa riba kwa ajili yake. Mtoto mwenye uwezo amsaidie baba yake, kwani huo ni wema ulioamrishwa. Asiye na uwezo asidharauliwe. Mgonjwa fakiri anastahiki zaka, na matajiri wetu wafahamu kuwa kumlipia mzee wa mtaani upasuaji wa mara moja ni sadaka ambayo faida yake huonekana kwa macho.

KISOMO NA MITISHAMBA

Qur'ani ni shifaa, na ruqya ni sunna. Amsomee mwanawe, ajisomee mwenyewe, wala hahitaji kulipa laki. Mtume (S.A.W.) alisomea wagonjwa, na huyo huyo alimuelekeza Saad (R.A.) kwa tabibu Harith bin Kalada. Viwili hivi havigombani. Anayesema acha hospitali ndipo kisomo kifanye kazi, amebuni sharti ambalo halimo katika sunna.

Ama mwenye kuuza chupa ya mitishamba kwa ahadi ya kuponya saratani ya mifupani, na hajulikani kwa elimu ya tiba, Mtume (S.A.W.) amekwisha mhukumu katika hadithi waliyoipokea Abu Daud na Nasai: huyo ni mdhamini wa madhara anayoyasababisha. Mgonjwa anayetumia mitishamba amwambie daktari wake, kwani mingine hugombana na dawa au huumiza figo na ini.

MAUMIVU NA MWISHO WA TIBA

Kutuliza maumivu ni sehemu ya tiba yenyewe. Mionzi ya mara moja kwenye mfupa unaouma huleta nafuu kwa wengi. Yapo maji ya mofini yanayonywewa kwa kipimo. Wanazuoni wameyaruhusu kwa ajili ya tiba, na hayamwingizi mgonjwa katika hukumu ya mlevi. Anayemwacha baba akipiga kelele usiku kwa kuhofia kuwa "atazoea dawa" hamtendei wema. Subira haina sharti la kukataa dawa ya maumivu.

Hufika wakati dawa zimegoma na mwili umechoka. Mgonjwa akisema sasa basi, nataka kuwa nyumbani, nipate dawa ya maumivu, nisomewe Yasin na wanangu, huyo hakukata tamaa ya rehma ya Allah. Amekata tamaa ya dawa, na dawa si Mungu. Kilichoharamishwa ni kuharakisha kifo kwa makusudi, au kutamani mauti kwa sababu ya dhiki. Mtume (S.A.W.), katika hadithi ya Anas (R.A.), ametufundisha badala yake kumuomba Mwenyezi Mungu atubakishe maadamu uhai ni heri kwetu, na atuchukue ikiwa mauti ni heri kwetu.

Wakati wote huo sala haimtoki. Imran bin Husein (R.A.) alikuwa na bawasiri, akaruhusiwa na Mtume (S.A.W.) kuswali akiwa amesimama, akishindwa akae, akishindwa alale ubavu. Asiyeweza kuzuia mkojo, au aliyewekewa mpira, ajisafishe, ajizuie kwa pedi, atawadhe baada ya kuingia wakati wa kila faradhi, na aswali. Kinachotoka baada ya hapo kimesamehewa. Asiyetarajiwa kuweza kufunga tena atoe fidya ya kumlisha maskini kwa kila siku. Na aandike madeni yake na wasia wake, usiozidi theluthi wala usiomlenga mrithi.

JAWABU KWA FAMILIA

Kwa hivyo familia yenye swali lile tunaijibu hivi. Baba aelezwe ukweli wote na akae yeye mbele ya daktari. Mgongo wake upimwe haraka. Tiba ya kuzima homoni asiiache. Achague baina ya kisu na sindano kwa kuangalia moyo wake na mfuko wake, na vyote viwili ni halali. Dawa za nyongeza ziamuliwe kwa nguvu za mwili wake. Shamba lisiuzwe kwa jambo linalopatikana karibu. Kisomo kiendelee usiku na mchana. Na watoto wake wa kiume, wafikapo miaka arubaini na kitu, waende kumuuliza daktari juu ya kipimo cha damu, kwani ugonjwa huu huwazidia waliougua baba zao.

Tunamuomba Mwenyezi Mungu, Mola wa watu, awaondolee wagonjwa wetu dhiki, awape shifaa isiyobakisha maradhi, na ayafanye maumivu yao kuwa kafara ya dhambi zao. Amin.

Wallahu a'alam. Wabillahi tawfiq.